Diski ya kusakinisha haibuti? Soma skrini kabla ya kuchoma nyingine

Fundi wa kompyuta anayefanya kazi Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, hawezi kutegemea intaneti kila anaposakinisha mfumo. Data inanunuliwa kwa megabaiti, na umeme unaweza kukatika kazi ikiwa katikati. Kwa sababu hiyo hujitengenezea diski yake. Huchukua Windows au Linux, akaiongezea draiva za mashine za mtumba, kibodi ya Kifaransa, LibreOffice na masasisho, kisha akakusanya vyote katika faili moja la ISO na kulichoma kwenye DVD. Diski hiyo moja inaweza kuhudumia shule, duka la fotokopi na wanafunzi wa chuo bila kutumia data.

Haja ya diski hizi imekuwa kubwa zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Mwenye mashine ya namna hiyo anayetaka kubaki salama hana budi kufikiria Linux, na mara nyingi fundi ndiye atakayemwandalia.

Tatizo huja pale diski inapowekwa na mashine ikakataa kuwaka nayo. Wengi hukimbilia kuchoma diski ya pili, kisha ya tatu, kwa faili lile lile lenye kasoro ile ile. Hiyo ni hasara ya diski, ya muda na ya umeme. Kubuti ni kazi ya kupokezana. Programu iliyo kwenye ubao wa mashine huita rekodi ya kubuti, rekodi huita kipakizi, kipakizi huita kiini cha mfumo, nacho kiini hutafuta sehemu iliyobaki ya diski. Kila mmoja akishindwa huacha dalili yake kwenye skrini, na dalili hiyo ndiyo inayomwambia fundi aguse wapi.

Mashine haikuitazama diski

Kama mashine inapita moja kwa moja hadi kwenye mfumo wa zamani, huenda diski haina kosa. Fungua orodha ya kuchagua kifaa cha kubuti: kwa kawaida ni F12 kwenye Dell na Lenovo, na F9 kwenye HP. Ikiwa mpangilio uliouweka jana umepotea leo, na saa ya mashine imerudi miaka ya nyuma, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao. Betri hiyo ikiisha, kila umeme unapokatika mashine husahau mipangilio yake.

Kwa diski za Windows, angalia pia maneno "Press any key to boot from CD or DVD". Yanakutaka ubonyeze kitufe chochote, na yanakaa sekunde chache tu. Usipobonyeza, mashine huendelea na diski kuu kana kwamba DVD haipo.

Kisha ifungue diski kwenye mashine nyingine. Ukikuta ndani faili moja tu linaloishia na .iso, diski haikuchomwa inavyotakiwa: faili limenakiliwa kama lilivyo badala ya kufunguliwa na kuandikwa kama taswira ya diski. Tumia chaguo la programu yako la kuchoma taswira.

Diski inaonekana, lakini haina rekodi ya kubuti

Hapa ndipo diski nyingi za kujitengenezea hukwama, na sababu yake inastahili kueleweka vizuri. CD ya data imegawanywa katika sekta za baiti 2048. Kwa kanuni ya ISO 9660, sekta 16 za mwanzo huachwa kwa matumizi ya mfumo, na maelezo ya diski huanzia sekta namba 16. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni ya El Torito, inayoweka kwenye sekta namba 17 kielekezi cha orodha ya kubuti. Orodha hiyo ndiyo inayoieleza mashine ni kipande kipi cha diski kipakiwe kwanza.

Kielekezi hicho si faili, wala hakimo ndani ya folda yoyote. Ukiifungua ISO ya asili, ukanakili folda zake zote, ukabadilisha unachotaka na kuunda ISO mpya kwa programu ya kawaida, kila kitu utakachokiona kitakuwepo isipokuwa kile usichokiona. Diski itafunguka vizuri katika mashine yoyote, faili zote zitasomeka, lakini haitabuti. Fundi huchanganyikiwa kwa sababu diski inaonekana nzima.

Kagua kabla ya kuchoma. Kwenye Linux, andika amri ya file ikifuatiwa na jina la ISO yako. Kama rekodi ipo, jibu litaishia na neno "bootable". Ukitaka undani zaidi, tumia:

xorriso -indev mfumo.iso -report_el_torito plain

Amri hii huonyesha kila kiingilio cha kubuti kilichomo. Viingilio vinapaswa kuwa viwili, kwa sababu mashine ziko za aina mbili. Za zamani hutumia BIOS, na mpya hutumia UEFI. UEFI haifuati kipakizi cha BIOS. Kwenye diski inatafuta kiingilio chake chenye taswira ndogo ya FAT, na ndani yake faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Diski yenye kiingilio cha BIOS peke yake itabuti kwenye mashine ya 2008 na kukataliwa na ya 2020; yenye kiingilio cha UEFI peke yake itakuwa kinyume chake. Zipo pia mashine chache zenye kichakato cha biti 64 lakini UEFI ya biti 32. Hizo zinadai faili la BOOTIA32.EFI.

Unapounda ISO ya Linux inayotumia isolinux, usiache chaguo tatu: -no-emul-boot, -boot-load-size 4 na -boot-info-table. La kwanza huizuia mashine kuichukulia diski kama flopi. La pili huitaka ipakie vipande vinne vya baiti 512, kiasi ambacho BIOS nyingi hukielewa. La tatu huandika ndani ya isolinux.bin mahali faili hilo lilipo kwenye diski. Kwa Windows, chombo cha Microsoft kiitwacho oscdimg huchukua etfsboot.com kwa ajili ya BIOS na efisys.bin kwa ajili ya UEFI. Yataje yote mawili.

Mashine ikitoa onyo la Secure Boot, rekodi ipo lakini kipakizi hakina saini inayokubalika. Hii hutokea ukibadilisha kipakizi au kiini kwa ulichokijenga mwenyewe. Rudisha kipakizi na kiini vya asili vilivyotiwa saini. Ikiwa mwenye mashine amekubali, unaweza kuzima ulinzi huo wakati wa kusakinisha.

Kipakizi kimeamka, kisha kimesimama

Maneno "Image checksum error" kutoka kwa isolinux yana maana kwamba kilichosomwa hakilingani na kilichoandikwa. Shuku diski iliyochomwa vibaya au lenzi iliyochoka. Maneno "Could not find kernel image" yana maana tofauti kabisa: kipakizi ni kizima, ila njia iliyoandikwa kwenye isolinux.cfg haifiki kwenye kiini. Linganisha herufi kwa herufi. Hakikisha pia ISO iliundwa na nyongeza ya Rock Ridge, maana bila hiyo majina marefu hukatwa na viungo vya faili hupotea.

Skrini ikisema kiini kinahitaji kichakato cha x86-64, umeweka mfumo wa biti 64 kwenye mashine ya biti 32. Hakuna uchomaji utakaotibu hilo. Tafuta mfumo ambao bado unatoa toleo la biti 32, ukijua kwamba hata Debian iliacha kutoa kisakinishi cha aina hiyo kuanzia toleo la 13 la Agosti 2025.

Jambo jingine linahusu sana mashine za mtumba zitokazo Ulaya. Kwenye menyu ya kipakizi, kibodi husomwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Kwenye kibodi ya AZERTY ukibonyeza A inaandikwa Q, na Z inatoa W. Amri iliyo sahihi kichwani mwako inaweza kufika kwa kipakizi ikiwa imeharibika, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye skrini kabla ya kubonyeza Enter.

Kiini kimewaka, lakini hakioni diski

Dalili hii huwachosha mafundi kwa sababu wanadhani safari imekwisha. Linux inaanza, mistari inapita, kisha inasema haikupata mfumo wa faili. Angalia jina la diski. Fedora, kwa mfano, hutafuta diski yake kwa jina lililoandikwa kwenye mipangilio ya kipakizi. Ukiipa ISO mpya jina lako, kiini kitaendelea kutafuta jina la zamani. Rudisha jina la asili, au libadilishe kila mahali linapotajwa.

Kwa Windows 7, kisakinishi kinaweza kulalamika kwamba draiva ya kifaa inakosekana ilhali ndiyo kwanza kimetoka kusomwa kwenye kifaa hicho hicho. Mfumo huo ulitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0. Hamishia kisomaji cha nje au flashi kwenye tundu la USB 2.0, au ingiza draiva hizo ndani ya boot.wim na install.wim.

Ukihamia kwenye flashi, kumbuka kwamba FAT32 haibebi faili linalofikia gigabaiti 4. Install.wim kubwa kuliko hapo igawanye katika vipande vya .swm.

Utaratibu unaookoa diski

Linganisha kwanza alama ya SHA-256 ya ISO ya asili na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Kwenye Windows tumia certutil -hashfile, ukimalizia na neno SHA256. Kwenye Linux tumia sha256sum. Kama herufi zake 64 hazifanani, upakuaji uliharibika au kuna mtu amelibadilisha faili. Usijenge chochote juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwasakinishie watu diski ya kubadilishwa ambayo hujui aliyeitengeneza. Anayeweza kuongeza draiva anaweza pia kuongeza programu ya kuiba siri.

Kisha badilisha jambo moja, unda ISO, na uijaribu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kabla ya kugusa DVD:

qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom mfumo.iso -boot d

Hilo ni jaribio la BIOS. Kwa UEFI ongeza programu ya OVMF. ISO ikibuti humo na DVD ikakataa kwenye mashine halisi, umejua kwamba kosa liko kwenye uchomaji, kisomaji au mipangilio ya mashine. Ikishindwa humo humo, kosa liko kwenye ISO, na hakuna sababu ya kuichoma. Choma kwa kasi ya chini, na uiruhusu programu ihakikishe diski baada ya kuandika.

Mwisho, andika juu ya diski jina la mfumo, tarehe, biti 32 au 64, BIOS au UEFI, na mashine ambazo imefanyia kazi. Weka daftari la jumbe za makosa na dawa zake. Fundi atakayejifunza kwako ataanzia ulipofika, na mteja ataipata mashine yake siku hiyo hiyo.