Nguruwe wa Kianyaga: sumu si dawa

Mwezi uliopita nilikwenda Kianyaga, kaunti ya Kirinyaga, kumzuru shemeji yangu mwenye duka huko. Jirani yake, mzee mkulima, alinipeleka shambani kwake baada ya swala ya alfajiri. Nduma zimefukuliwa mstari mzima, mahindi yamelazwa chini, udongo umegeuzwa kama uliopigwa jembe.

"Kijana wangu, hii ilikuwa karo ya mjukuu," akaniambia. "Nyinyi Waislamu huyu mnyama hammli. Nikimtilia sumu utanilaumu?"

Nilimwambia nitamjibu nikishamjua mnyama mwenyewe. Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyoyapata.

Kenya ina nguruwe wa porini wa aina kadhaa. Ngiri ni wa mchana: hupiga magoti akala nyasi, usiku hulala shimoni. Wa pili ni yule mkubwa mweusi wa misitu minene, ambaye wanasayansi walimwandika mwaka 1904 na kumpa jina la Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza aliyehudumu Kenya. Wa tatu ni nguruwe mwitu, mwenye manyoya marefu mgongoni, na huyu ndiye mwizi wa nduma.

Saa zake ni kinyume cha zetu. Mchana hujilaza kwenye kichaka kizito, mara nyingi karibu na maji. Baada ya magharibi hutoka na kundi lake, dume na majike na watoto, na kabla ya alfajiri wamesharudi. Hula mizizi, matunda yaliyoanguka, wadudu, hata mizoga. Akisumbuliwa sana mchana, huzidi kuwa wa usiku. Ndiyo maana mkulima huona nyayo tu, mwenye nyayo hamwoni.

Kwa nini basi asiwindwe? Marekani, katika jimbo la Texas, wenye ranchi huwawinda nguruwe usiku kwa taa, na tangu 2011 sheria inaruhusu hata kuwapiga risasi kutoka kwenye helikopta. Lakini wale ni kizazi cha nguruwe waliopelekwa na Wazungu, wageni katika nchi ile. Wetu ni mwenyeji. Pua yake hulima msitu na kuchanganya majani na udongo, naye ni chakula cha chui. Isitoshe, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungulia mlango. Anayetega waya bila idhini anaweza kuishia jela, shamba likabaki bila mwenyewe.

Sumu ni mbaya zaidi. Haichagui. Atakufa mbwa wa jirani, atakufa tai atakayemla mbwa, na mtoto akiokota chambo ni msiba. Kumkata na kumgawa nyama nako kuna hatari: nguruwe mwitu hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921. Yeye mwenyewe haumuoneshi dalili, lakini wa kufugwa huangamia banda zima. Na huko Kirinyaga wako wanaofuga.

Kinachosaidia ni kazi ya kuchosha, lakini ipo. Fyeka kichaka kinachopakana na shamba, maana hapendi kuvuka uwazi. Weka wavu wa chuma ambao ukingo wake wa chini umezikwa ardhini, kwa sababu hapiti juu, hupita chini. Vuna mapema, usiache matunda yakioza shambani. Lindeni kwa zamu, majirani kwa pamoja, kwa taa na mbwa na makopo, ili watoto wasikeshe na kwenda kusinzia darasani. Wakizidi, ripoti kwa Shirika la Wanyamapori la KWS, lenye mamlaka ya kisheria ya kuwadhibiti.

Jioni nilimrudia mzee. Nikamwambia, "Baba, kuharamishiwa kumla si kuhalalishiwa kumtesa. Naye ni kiumbe wa Mungu, lakini karo ya mjukuu nayo ni haki." Alicheka, akasema wavu ni ghali. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Kabla sijaondoka walikuwa wamekaa majirani wanne wakihesabu mita.

Wenzangu wa Kwale mnaolia na mihogo karibu na Shimba Hills, mwizi wenu ni huyu huyu. Nanyi kaeni mhesabu.