Simu Mpya, Menyu Nyingine, Pesa Ni Zile Zile

Tuseme wewe ni mama muuza samaki pale Mayungu, karibu na Malindi. Miaka yote umetumia kabambe. Vidole vimeshajua njia: tuma pesa, nambari, kiasi, PIN. Hata stima ikipotea unatuma gizani. Siku moja kijana wako anakuletea simu ya kugusa kutoka Mombasa. Unatia laini, unaiwasha, na ile menyu huioni. Pesa zimeenda wapi?

Tulia mama, ziko. Akaunti yako haikai kwenye simu. Kilichobadilika ni dirisha la kuitazamia.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Ndiyo maana ukihamisha laini kutoka kabambe moja hadi nyingine, menyu inakufuata. Hata kwenye simu ya kugusa bado ipo: kwa simu nyingi za Android tafuta palipoandikwa SIM Toolkit, kwa iPhone imejificha ndani ya Settings.

Njia ya pili ni kupiga *334#. Hapo maneno yanatoka kwa mtandao, na kila ukurasa hauzidi herufi 182. Kwa hivyo maelezo ni mafupi, na ukikawia kujibu, inakatika.

Njia ya tatu ni app. Hii huchorwa na simu yenyewe, na Android haichori kama iPhone. Mafundi hawawezi kuchukua ukurasa wa kabambe wakaubandika tu kwenye kioo cha kugusa. Huupanga upya, kwa hivyo kitu ulichozoea kukiona cha kwanza unaweza kukikuta pengine kabisa.

Na hapo ndipo pesa hupotea. Vidole vinakimbilia mahali pa zamani, macho hayasomi, na pesa za karo zinaenda kwa mtu usiyemjua. Ama unamwomba kijana wa kibandani akusaidie, unamtajia PIN, na kesho akaunti ni tupu.

Kwa hivyo, ukibadilisha simu:

- Pakua app kutoka Play Store au App Store pekee, si kwa linki uliyotumiwa.
- Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo, umtumie mtu wa nyumbani.
- Soma jina la anayepokea na kiasi kabla ya kutia PIN. Sura ya menyu hubadilika, lakini jina na kiasi lazima uvione.
- PIN tia mwenyewe. Anayekufundisha aangalie pembeni.
- Ukikosea kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla pesa hazijatolewa.

Na bando likiisha ukiwa sokoni, usihangaike. Piga *334# kwa simu hiyo hiyo mpya. Dirisha la zamani halijafungwa.