Swali la juri: feza itafika siku gani?



Katika vyuo vikuu vya inchi nyingi kuko mashindano ya kesi. Hakuna mupira, hakuna mbio. Wanafunzi wanapewa karatasi zenye kueleza shida ya kampuni ao koperative moja. Wanapewa saa chache za kufikiri, kisha wanasimama mbele ya juri na kueleza: kama tungekuwa komite, tungefanya hivi. Huko Montréal, Kanada, chuo kikuu cha Concordia kinapanga mashindano kama hayo tangu mwaka 1981. Mimi nilitazama ya karibu zaidi, katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, wakati nilikuwa huko kwa mafunzo. Naandika juu yake sababu kesi ile ilikuwa kama imetoka kwetu.

Shida ilikuwa hii

Koperative ya kahawa iko na mnunuzi wa ulaya mwenye bei nzuri, lakini analipa kisha muzigo kufika. Njiani kuko mchuuzi mwenye bei ndogo, lakini feza iko mukononi leo. Mukulima iko na mutoto wa kulipia masomo. Atauza wapi?

Hesabu ilikuwa nyepesi. Wanamemba wanavuna kilo 10 000 za parche. Avansi ni dola 1,5 kwa kilo, kwa hiyo inaomba dola 15 000. Ndani ya kese kuko dola 6 000 tu.

Kikundi cha kwanza kilisema: tukope dola 9 000 kwa miezi miwili, tununue yote. Walieleza vizuri, picha zilikuwa za kupendeza, na faida mwishoni ilikuwa kubwa. Mama mmoja wa juri akauliza: "Na kama lori inakaa mwezi mzima kwenye mpaka, riba ya mwezi wa tatu inalipwa na nani?" Wakanyamaza.

Kikundi cha pili kilikuja na karatasi moja: feza inayoingia na inayotoka, juma kwa juma. Walisema: dola 6 000 zinalipa kilo 4 000. Basi tumuahidi mnunuzi kilo 4 000, si 10 000. Kila memba alete kilo 4 juu ya 10 za mavuno yake, apewe avansi siku ileile pamoja na risiti. Kilo zingine, auze anapotaka. Malipo ya mwisho yakifika, sehemu moja ibaki ndani ya kese ili mwaka kesho tununue zaidi. Juri ikawauliza swali lilelile la lori. Wakajibu: tutangoja, hatuna deni la mutu. Ndio walioshinda.

Na kwetu?

Kahawa yetu ya Butembo na kakao ya Beni zinapita sana Kasindi, kisha Uganda, mpaka Mombasa. Tunajua barabara hiyo. Siku moja iko wazi, siku ingine imefungwa juu ya usalama. Kwa hiyo kwetu kuchelewa si jambo la bahati mbaya, ni jambo la kuweka ndani ya hesabu tangu mwanzo. Koperative nyingi hazikufa sababu ya bei mbaya. Zilikufa sababu ziliahidi wote na kulipa nusu, na waliobaki bila feza hawakurudi tena.

Mjaribu nyinyi wenyewe

Kabla ya mavuno, komite iandike shida moja ya kweli kwenye ukurasa mmoja, na hesabu zake zote. Gawanyeni mukutano katika vikundi vya watu watano. Wamama na vijana wawe katika kila kikundi. Muwape saa moja. Mnaweza pia kualika wanafunzi wa UCG Butembo wasikilize na kuuliza. Kisha kila kikundi kijibu maswali haya matatu:

1. Feza itatoka siku gani, na itarudi siku gani?
2. Ikichelewa mwezi mmoja, nani atabeba mzigo?
3. Ahadi tunayompa memba, tunaweza kuitimiza na kilichoko ndani ya kese leo?

Kikundi kikikosa jibu la swali la pili, musipige kura bado.