Je, Wajua? Shirika Likimaliza Kazi Huenda Wapi?

Je, wajua kwamba SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ina mizizi katika umoja ulioundwa ili nchi za kusini mwa Afrika zisiitegemee Afrika Kusini? Aprili 1980, mjini Lusaka, nchi 9, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kujinasua kiuchumi kutoka kwa utawala wa makaburu, hasa katika reli na bandari. Mwaka 1992 umoja huo ukageuzwa kuwa jumuiya ya maendeleo. Agosti 1994 ukampokea mwanachama mpya: Afrika Kusini yenyewe, sasa ikiwa huru.

Huko Marekani, Rais Franklin D. Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, alianzisha shirika la kupambana na polio mwaka 1938. Wananchi waliombwa watume Ikulu sarafu za senti 10, na barua zikafurika magunia kwa magunia. Fedha hizo ziligharamia utafiti wa chanjo wa mwanasayansi Jonas Salk, kisha majaribio makubwa ya mwaka 1954. Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo ni salama na inakinga. Sasa je, maelfu ya akina mama waliozoea kuchangisha nyumba kwa nyumba waambiwe warudi makwao? Mwaka 1958 shirika, ambalo leo linaitwa March of Dimes, liligeukia kasoro za kuzaliwa nazo, na baadaye likawakumbatia watoto njiti. Naona lilifanya vyema. Watu wa kujitolea kiasi hicho hawakusanywi mara mbili kwa urahisi.

Mashirika mengine kazi mpya huyajia kwa msiba. Idara ya Secret Service ya Marekani ilianza mwaka 1865 kwa kuwasaka watengenezaji wa noti bandia. Ulinzi wa kudumu wa marais iliupata baada ya Rais McKinley kuuawa mwaka 1901.

Lakini ninayoiheshimu kuliko zote ni Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Iliundwa mwaka 1963, makao yake yakawa Dar es Salaam, ikavitafutia vyama vya wapigania uhuru fedha, silaha na mafunzo. Hashim Mbita aliiongoza tangu 1972. Mwaka 1994, Afrika Kusini ilipokombolewa, Kamati haikujitafutia kazi nyingine. Ilikabidhi taarifa yake na kuvunjwa. Historia ya mapambano hayo ilichapishwa baadaye katika majuzuu 9, chini ya mradi wa SADC uliopewa jina la Mbita.