Dizeli na Baridi ya Asubuhi Karatu

Kuanzia Juni hadi Agosti kipupwe huibana Karatu barabara. Kansay na kata za jirani huamka na baridi kali, na huko juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, zipo alfajiri ambazo kipimajoto hukaribia sifuri. Hapo ndipo magari ya dizeli yanapojulikana. Moja huitika mara tu stata inapopigwa. Jingine hukohoa, hutoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, kisha hunyamaza. Mwenye gari hulaumu baridi, lakini mara nyingi baridi imefichua tu ugonjwa uliokuwamo.

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea kanuni moja: hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Anayejaza upepo baiskeli anaijua, kwa maana pampu humpatia moto mkononi. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa hadi ibaki sehemu ya ishirini hivi ya ujazo wake. Joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayopulizwa humo hushika moto yenyewe.

Baridi huivuruga hesabu hiyo. Hewa inaingia ikiwa imepoa, na chuma cha silinda kinainyang'anya joto. Oili imekuwa nzito, betri imepungua nguvu, kwa hiyo stata inazunguka kivivu na hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi za pistoni. Kule ukingoni mwa kreta hewa yenyewe ni nyepesi: mgandamizo wake ni takriban robo tatu tu ya ule wa Dar es Salaam. Dizeli ikipulizwa isipate joto la kutosha, hutoka ikiwa mvuke. Ndio ule moshi mweupe.

Tiba yake ni hita plagi, kijiti cha chuma chembamba kama penseli ambacho ncha yake huwa nyekundu kwa umeme wa betri. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zinazopeleka watalii kreta, huzihitaji sana, kwa sababu dizeli yake huanza kuwaka kwenye chumba kidogo cha pembeni ambacho kuta zake hunyonya joto. Fundi huzipima kwa taa ya majaribio. Hufungua waya wa hita plagi, hubana mkia wa taa kwenye chanya ya betri, kisha hugusisha ncha yake kwenye kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ina njia ya umeme. Isipowaka, imekufa. Ni kazi ya dakika chache, na huokoa betri na stata.

Waitaliano ndio waliobadili mambo kwenye magari madogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Fiat ilitoa Croma iliyopuliza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, pasipo chumba cha pembeni. Kisha watafiti wa Fiat na Magneti Marelli wakashughulikia mfumo wa komon reli, ambao kampuni ya Bosch iliukamilisha, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa nao. Pampu hujaza dizeli kwenye bomba moja kwa mgandamizo uliofika baa 1,350, wakati tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na kitu. Kompyuta huamuru nozo zifunguke: kwanza tone dogo la kupasha moto silinda, halafu dizeli yenyewe. Ndiyo maana gari la namna hii huwaka upesi kwenye baridi, bila makelele na bila moshi mwingi. Leo komon reli imo hadi kwenye Hilux zinazopanda barabara za Karatu.

Lakini mfumo huu unaostahimili baridi haustahimili uchafu. Matundu ya nozo yana upana wa takriban nywele mbili tu, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, chuma hupata kutu. Ukichanganya mafuta ya taa, ulainifu hupungua na vyuma husagana.

Ulaya kuchanganya kulikuwa na sababu. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ya milima ya Alps huigandisha ikaziba filta. Siku hizi huko huuzwa dizeli maalumu ya majira ya baridi. Karatu haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mafuta ya taa kwenye tangi ni hasara tupu. Tena uchakachuaji ni kosa: tangu mwaka 2010 mafuta nchini huwekewa vinasaba ili kuwabaini wanaofanya hivyo.

Basi kabla ya kipupwe pima betri na hita plagi. Tumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Jaza tangi jioni, kwa sababu tangi tupu hukusanya unyevu usiku. Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli. Dizeli ya madumu iache itulie, kisha ichuje. Asubuhi fungua swichi na usubiri taa ya hita izime ndipo upige stata. Usipulizie petroli kwenye njia ya hewa, na kamwe usiwashe moto chini ya tangi. Nozo zikiharibika ni gharama kubwa. Kusubiri taa ile izime ni sekunde chache tu.