Vijana Warudio Wasiachwe Bure

Mpango wa YES, ulioasisiwa mwaka 2002, huwapeleka baadhi ya vijana wetu Marekani kusoma sekondari na kuishi na familia za huko. Wengine hujiunga na klabu za huduma, mfano wa Interact iliyozaliwa Florida mwaka 1962. Husafisha fukwe, hugawa chakula kwa maskini. Naam, Marekani nako maskini wapo! Kwetu si jambo geni: ujima tuliujua kabla hatujasikia habari za klabu. Linalotusikitisha ni kuwaona wakirudi visiwani, wakapokewa kwa hotuba, kisha wakasahauliwa. Tangu lini cheti kikachimba kisima? Masheha na maofisa wa wilaya wawaite wiki ile ile, wawakabidhi mikoko ya kupanda, skuli za kupaka chokaa, na watoto wa kufundishwa hesabu jioni.