Kitu cha Kupakatwa: Kompyuta ya Kazi ya Kesho, Itazamwapo Kutoka Arua na Koboko

Waliokipa kifaa hiki jina la Kiswahili walikiita kompyuta mpakato, na neno hilo walilichota katika kitendo cha kupakata, ambacho asili yake ni mama kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mkono asije akaanguka. Mafundi wa Arua hawalitumii jina hilo. Wao husema laptopu, kama wasemavyo watu wengi wa Uganda. Walakini sijaona mahali ambapo maana yake hudhihirika kuliko pale mezani pao, kwani aletaye laptopu kwa fundi aghalabu huja ameikumbatia kifuani, kama amletaye mgonjwa kwa tabibu.

Kiangazi kimoja niliketi barazani kwa fundi kijana, katika mojawapo ya njia za mji wa Arua, akaja mama mmoja kutoka Koboko, wakala wa forodha, laptopu yake ameifunga kwa kitenge. Kazi yake ni kuingiza nyaraka za shehena ziendazo Sudan Kusini kupitia mpaka wa Oraba katika mfumo wa forodha uitwao ASYCUDA, na kwa hiyo siku ambayo mashine hiyo haiwaki ni siku ambayo malori ya watu yamesimama. Fundi alifungua skrubu za chini moja baada ya moja, akaziweka katika kifuniko cha chupa ya dawa, kisha akachukua brashi ya rangi na kuanza kufagia vumbi jekundu lililojigandisha katika mdomo wa feni mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Alipomaliza alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, feni sasa itapumua. Lakini ram imekufa, nayo imeshikana na bodi. Ikifa hii, na bodi imekufa." Mama akamwuliza, "Mwanangu, mashine nzima itupwe kwa sababu ya kitu kidogo kama ukucha?" Kijana hakuwa na jibu.

Swali la mama yule ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa kuwa naamini kwamba mtu atakaye kujua kompyuta ya kazi itakuwaje miaka kumi au kumi na tano ijayo hana haja ya kuanzia katika maonyesho ya biashara ya Ulaya na Marekani. Aanzie mahali ambapo joto, vumbi, umeme wa kukatikakatika na masafa marefu hukijaribu kila kifaa bila huruma. Na mambo ambayo wakala wa Koboko huyahitaji leo kwa dharura ndiyo hayo hayo ambayo wabunifu wa dunia, taratibu na kwa sababu zao wenyewe, wameanza kuyaendea.

Tuanze na huko kushikana na bodi, yaani kulehemiwa kwa ram, ambayo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Kompyuta ya kubebeka iliyoitwa Osborne 1, iliyouzwa mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri. Mwaka 1992 ilipotoka ThinkPad ya kwanza, mtu wa ofisini alikwisha kupata chombo cha kuingia katika mkoba. Na tangu hapo watengenezaji walishindana kukipunguza unene hata sehemu zilizokuwa zikichomekwa zikaanza kulehemiwa juu ya bodi. Si haki kusema kwamba walifanya hivyo kwa tamaa tu. Kumbukumbu zitumiazo umeme mdogo hufanya kazi kwa volti hafifu na kwa kasi kubwa mno, na ishara zake hudhoofika zikipitishwa katika njia ndefu na matundu ya kuchomekea. Hivyo kuzilehemu karibu na prosesa lilikuwa jambo la hesabu. Lakini hesabu hiyo imepata jibu jingine: kumbukumbu ya aina mpya iitwayo LPCAMM2, ambayo hulazwa bapa juu ya bodi na kukazwa kwa skrubu chache, vijino vyake vikigusana na bodi kwa mgandamizo, hata njia ya ishara ikawa fupi na fundi akaweza kuitoa. Mwaka 2024 ilianza kutiwa katika kompyuta za wataalamu, miongoni mwazo ThinkPad P1. Kampuni ya Framework, iliyoasisiwa Marekani mwaka 2019, imekwenda mbali zaidi, ikatengeneza laptopu ambayo mwenyewe anaweza kubadilisha skrini, kibodi, betri na hata bodi kuu kwa bisibisi moja. Na Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi, isipokuwa vichache vilivyotengwa, ziwe za kuweza kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa.

Jambo la pili ni umeme, na hapa Nile Magharibi, mkoa wenye Arua na Koboko, ina mengi ya kufundisha. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuunganishwa na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECO, iliyokabidhiwa kazi ya kuusambazia umeme mwaka 2003, ilitegemea jenereta ya mafuta mpaka mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wenye uwezo wa megawati 3.5, ulipoanza kazi mwaka 2012. Na ni juzi tu njia kuu ya kilovolti 132, itokayo Lira kupitia Gulu na Nebbi hadi Arua, ilipoufungulia mkoa mlango. Katika muda huo wote watu walijifunza kuishi kwa sola, na mpaka leo paneli zimeezekwa juu ya zahanati, maduka, shule na ofisi za kambi za wakimbizi, kuanzia Lobule ya Koboko hadi Rhino Camp na Bidi Bidi.

Basi tazama safari ya umeme huo. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, na betri huuhifadhi ukiwa mnyoofu. Kisha inveta huugeuza kuwa mkondo geu wa volti 240, kwa sababu chaja imezoea kuchomekwa ukutani. Halafu chaja nayo huurudisha kuwa mnyoofu wa volti 20, maana ndani ya laptopu hakuna kitu kitumiacho mkondo geu. Kila kugeuzwa kuna ushuru wake. Tuseme inveta hupitisha asilimia 85 na chaja asilimia 88: katika wati 100 zitokazo betrini, zifikazo kwenye laptopu ni 75 tu, na robo nzima imekuwa joto la bure. Dawa ya upotevu huu imekwisha kupatikana, nayo ni tundu dogo la USB-C, ambalo kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2021 linaweza kupitisha hadi wati 240 za mkondo mnyoofu, chombo na chanzo vikisemezana kwanza juu ya volti itakiwayo. Umoja wa Ulaya ulichagua tarehe 28 Aprili 2026 iwe siku ya kulifanya tundu hilo sharti kwa laptopu mpya ziuzwazo huko. Sheria hiyo ilitungwa kuwapunguzia Wazungu lundo la chaja, lakini faida yake kubwa huenda ikaonekana Koboko, ambako mtu ataweza kuunga laptopu yake na betri ya sola kwa kigeuzi kidogo cha volti, pasipo inveta kati yao.

Wapo waulizao kwa nini paneli isitiwe juu ya kifuniko cha laptopu yenyewe. Fikra hiyo si ngeni: mwaka 2011 Samsung ilileta Afrika, Kenya ikiwamo, kompyuta ndogo ya NC215S yenye paneli mgongoni, na mwaka 2025 Lenovo ilionyesha mfano wa laptopu ya jua yenye seli zinazogeuza zaidi ya asilimia 24 ya mwanga kuwa umeme. Lakini tupige hesabu. Kifuniko cha sentimita 30 kwa 21 kina eneo la meta ya mraba 0.063, jua la saa sita mchana, lisilo na wingu, humwaga wati 1,000 hivi katika kila meta ya mraba, basi kifuniko hupokea wati 63, na katika hizo umeme ni 15 tu. Laptopu ya kazi nyepesi hutumia baina ya wati 8 na 15. Yaani katika saa bora ya siku hupata riziki ya kujilisha na akiba kidogo, na saa nyingine zote hupungukiwa. Na ili ipate hata hiyo ni lazima ianikwe juani, mahali ambapo betri yake huzeeka upesi kuliko popote. Ndiyo maana yamkini ubunifu wa busara ni ule uliokwisha kufanywa na watu wa Nile Magharibi bila kuandikiwa kitabu: paneli ikae juu ya bati, na laptopu ikae chini ya mwembe.

Nimetaja kuzeeka kwa betri, na jambo hili linastahili maelezo. Betri ya litiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, na ambayo mwaka 2019 iliwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia, huchakaa kwa sababu ndani yake huendelea daima kemia ndogo ndogo zisizotakiwa, na kemia nyingi za namna hii hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zizidizo. Kwa hiyo laptopu ikaayo katika ofisi ya bati ya Koboko mwezi wa Februari, imechomekwa mchana kutwa na betri imejaa tele, hupoteza umri wake hata kama haitumiki. Baadhi ya mashine za kazi zina programu ya kuizuia betri isipite asilimia 80, na ingefaa kila moja iwe nayo, iwe imewashwa tangu dukani. Fauka ya hayo, betri nyingi za laptopu huhitaji kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na wananchi wachimbao wanajua gharama yake kuliko mimi. Basi betri za sodiamu, madini yapatikanayo katika chumvi ya kawaida, ni za kutazamiwa kwa matumaini, ingawa hadi sasa uzito wake kwa umeme ule ule ni mkubwa zaidi.

Na lile vumbi? Feni hunyonya hewa, na hewa ya kiangazi cha Arua haiji peke yake. Mwaka 2020 Apple ilithibitisha kwa prosesa ya M1 kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi ya kweli bila feni kabisa, kwa kupunguza joto kwenye chanzo chake badala ya kulipepea. Na mwaka 2022 kampuni ya Frore Systems ilionyesha vipande vyembamba vinavyosukuma hewa kwa kutetemeka, visivyo na mapanga wala ekseli. Mashine ya mtaalamu itakayofungwa pande zote isiingie vumbi wala maji, na itoe joto lake kwa mwili wake wa metali, si ndoto tena.

Kadhalika kioo. Kioo cha kawaida hushindana na jua kwa kuwasha taa yake, na katika shindano hilo hushindwa huku kikimaliza betri. Mwaka 2007 kompyuta ya watoto ya XO-1, iliyosambazwa kwa wingi nchini Rwanda, ilikuwa na kioo kilichobuniwa na Mary Lou Jepsen, ambacho juani huacha kushindana: huurudisha mwanga wa jua wenyewe, kikasomeka kama karatasi. Nasikitika kwamba ubunifu huo uliachwa kwa watoto, ilhali afisa wa mifugo, mpima ardhi na mwandikishaji wa wakimbizi hufanya kazi zao uwanjani.

La mwisho ni akili unde. Tangu mwaka 2024 laptopu nyingi mpya zimetiwa kiungo maalumu cha kazi hiyo, chenye uwezo wa hesabu trilioni 40 kwa sekunde na zaidi, ili mashine ifasiri, iandike kwa kusikia na kufupisha nyaraka bila kupeleka neno lolote nje. Kwa muuguzi wa Lobule, ambaye daftari lake lina maradhi na majina ya watu waliokimbia vita, kubaki kwa siri hizo ndani ya mashine ni amana. Na kwa mkoa ambao sokoni mwake husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, faida ni kubwa zaidi, mradi lugha hizo ziingizwe humo. Watafiti wa Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere wamekwisha kukitia Kilugbara katika hazina yao ya tafsiri. Na Chuo Kikuu cha Muni, kilichoasisiwa hapo hapo Arua na ambacho sayansi ya kompyuta ni mojawapo ya nguzo zake, kina wanafunzi waizungumzao lugha hiyo tangu utotoni. Kazi ya kuikuza haina haja ya kungoja mgeni.

Sasa nirudi kwa mama yule. Fundi aliitazama tena mashine, akaona kwamba diski yake haikulehemiwa. Akaitoa kwa skrubu moja, akaenda rafuni akateremsha laptopu ya zamani, nene, iliyokuwa ya ofisi fulani, ambayo kila kiungo chake hufunguka, akaichomeka humo na kuiwasha. Ilichukua muda, kisha nyaraka zote zikatokea, shehena kwa shehena, kama alivyoziacha. Mama alilipa, akaifunga mashine ile nzito kwa kitenge kile kile, akaenda kutafuta gari la Koboko. Na ile nyembamba, iliyo mpya kwa miaka mingi kuliko hiyo, ikabaki mezani imefunguliwa. Wabunifu wa kesho wanaweza kuchagua ni ipi kati ya hizo mbili wataifanya kielelezo. Mimi nawaomba waitazame ile iliyopata mtu wa kuipakata.